Mchongaji wa Nchi Kavu: Hadithi ya Asili ya Wamakonde na Suala la Makao ya Msanii

Msanii mwenye mapato madogo akae wapi? Swali hili ni la zamani kama sanaa yenyewe, na majibu yake ni mengi. Katika nchi za ng'ambo jibu moja limepata sifa kuliko mengine katika muda wa miaka mia iliyopita: msanii na auache mji, aende jangwani. Huko, wasemavyo wenye rai hiyo, hewa ni kavu na haiozeshi karatasi wala turubai, mwanga ni mwingi, ardhi haigombewi, na mtu aweza kuishi kwa kidogo alicho nacho bila ya kusumbuliwa na mwenye nyumba wala na mgeni. Mchoraji Georgia O'Keeffe alifanya kijiji cha Abiquiú, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, kuwa makao yake ya kudumu mwaka 1949. Msanii Donald Judd aliihama New York katika miaka ya 1970 akaenda Marfa, mji mdogo wa nchi kame ya Texas. Wote wawili walifanya kazi kubwa huko, na mfano wao umekuwa kama fatwa kwa wengi waliokuja baada yao.

Fatwa hiyo haiwezi kupokewa kwetu bila ya kupimwa. Tumchukue mchongaji aliyechoshwa na kodi za Dar es Salaam, akaelekeza macho yake kusini, katika wilaya ya Kilwa. Tuseme ametazama Tingi. Hapo kiangazi hushika tangu Juni hadi Oktoba, kiwanja hupatikana kwa fedha ndogo kuliko mjini, na mpingo, ambao ndio mti wa kazi yake, huota katika misitu iliyo nyuma ya pwani. Je, mtu huyo amechagua vema? Makala haya hayakusudii kumwelekeza mtu kununua kiwanja. Makusudi yake ni kuonyesha kwamba swali hili lilikwisha kuulizwa katika nchi yetu ya kusini kabla ya wageni wa Texas, na kwamba jibu lake limehifadhiwa katika hadithi ambayo wasomaji wengi wameipita kama habari ya kabila tu. Hadithi hiyo yastahili kusomwa kama kazi ya fasihi, na kuhakikiwa.

Kabla ya kuijia, yatupasa kuyatazama maneno, maana rai ya kigeni mara nyingi hujikwaa kwanza katika lugha. Tukitaka kuisifu nchi kavu kwa Kiswahili, maana hutugeukia mdomoni. Kwa mtu wa pwani nchi kavu si nchi isiyo na mvua. Ni nchi isiyo bahari. Baharia aliyenusurika na dhoruba hushukuru kuifikia nchi kavu hata kama mvua yamnyeshea kichwani. Kwa nchi isiyo na maji tuna nyika, tuna jangwa, tuna ukame, na hakuna moja katika maneno haya litumiwalo kwa sifa. Nyika ni mahali pa kupita. Jangwa ni mahali pa kupotea. Ukame ni msiba. Lugha yetu haikumwandalia msanii neno la kuusifia ukavu.

Neno la pili ni rahisi. Kiswahili hakitengi kilicho chepesi kufanywa na kilicho cha bei ndogo. Vyote viwili huitwa rahisi. Basi mtu akituambia kwamba maisha ya mahali fulani ni rahisi, tuna haki ya kuuliza: rahisi kwa maana ipi? Kiwanja chaweza kuwa rahisi kununuliwa, na maji yake yasiwe rahisi kutekwa. Na tukiisha kuuliza hivyo, swali la tatu hufuata lenyewe: rahisi kwa nani? Hadithi tunayoijia imejengwa juu ya swali hilo la tatu, ingawa yenyewe hailitamki.

Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906, wakati nchi ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji. Kutoka Lindi alikwenda Masasi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde mpaka Newala na Mahuta, akikusanya vitu na habari. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka uliofuata. Weule alisafiri kwa nguvu ya serikali ya kikoloni, na mengi aliyasikia kwa kinywa cha wakalimani. Kwa sababu hiyo maandishi yake hayana budi kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo hadithi ya asili ya Wamakonde aliyoiandika ina umbo lililokamilika kiasi kwamba si rahisi kudhani kuwa ameitunga mgeni.

Kwa muhtasari hadithi yasema hivi. Zamani Mahuta palikuwa pori tupu. Ndani ya pori hilo alitoka mtu mmoja asiyeoga wala kunyoa, ambaye kula na kunywa kwake kulikuwa kidogo. Mtu huyo alichonga mti, akatoa sanamu ya mwanadamu, akaichukua mpaka kwake akaisimamisha wima. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili kwenda Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nchi ya juu mpaka bonde la Mbwemkuru. Akazaa tena mtoto mfu. Ndipo waliporudi juu porini, Mahuta, na mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua, na wengine wakamfuata. Yule baba akawausia watoto wake mambo mawili. La kwanza, wawazike wafu wao wima, kwa kumkumbuka mama yao ambaye aliamka akiwa amesimama. La pili, wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji kwa mwendo usiopungua saa moja.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kwamba mtu wa kwanza katika hadithi hii ni mchongaji. Kabla hajawa mume, kabla hajawa baba, kabla hajawa mtoa wasia, ameshika chombo na anachonga. Naye ni picha kamili ya msanii anayesifiwa na wapenda jangwa: yu peke yake, mahitaji yake ni machache, hajali mwili wake, na katika upweke huo anatoa kazi ambayo hapana mwingine awezaye kuitoa. Lau hadithi ingekoma usiku ule, sanamu imesimama na mchongaji ameketi akiitazama, ingekuwa fatwa ile ile ya Marfa, imetolewa Mahuta.

Lakini hadithi haikomi hapo, na katika kuendelea kwake ndimo ilimo hekima yake. Sanamu ikifaulu kupita kiasi cha sanamu, hupata uhai. Na ikipata uhai, upweke wa mchongaji umekwisha. Tendo la kwanza la wawili hao ni kushuka mtoni kuoga. Mtu ambaye alikuwa hana haja ya maji sasa ana haja nayo, kwa kuwa kazi yake imekuwa mtu. Hapa msimulizi ametia jambo zito katika maneno machache: ukavu wamtosha msanii ilimradi hana mwenziwe. Siku ambayo kazi yake itampatia mwenzi, atatafuta maji kama wanadamu wote.

Na maji yenyewe si neema tupu. Watoto wawili wa kwanza wamekufa mtoni, mmoja kusini katika Ruvuma, mmoja kaskazini katika Mbwemkuru, mto uingiao baharini kati ya Kilwa na Lindi. Msimulizi ameupima uwanda wote kwa makaburi mawili, akauweka uhai katikati yake, juu, pakavu. Wenye elimu ya tiba watasema kwamba mabondeni kuna mbu na homa. Wenye elimu ya historia wataongeza jambo lingine: katika karne ya 19, wakati Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, mabonde yalikuwa njia za watekaji na misafara, na vichaka vya uwanda wa juu vilikuwa ngome. Mtu alikwenda pakavu kwa kuwa adui hakupenda kwenda pakavu. Basi mahali pale hapakuchaguliwa kwa sababu palikuwa rahisi. Palichaguliwa kwa sababu palikuwa pagumu, na ugumu wake ulikuwa ukuta.

Sasa tuufikie wasia wa mwendo wa saa moja, maana hapo hadithi yatoa bei yake. Wasia unasema nyumba ziwe mbali na maji. Hausemi nani atayachukua. Kila aliyepita uwanda ule katika miaka ya zamani alijua jibu: waliochukua ni wanawake, waliposhuka genge na kupanda tena na mitungi kichwani. Baba aliyetoa amri alikuwa mtu wa kunywa kidogo. Mama ambaye binti zake walitekeleza amri hiyo alikuwa wa mti, na katika hadithi yote hakupewa neno hata moja la kusema. Amechongwa, amesimamishwa, amezaa, amekumbukwa katika maziko. Hakuulizwa kama mwendo wa saa moja ni mbali au ni karibu. Hii naiona kuwa kasoro ya hadithi, au huenda ikawa ndiyo siri yake: mahali ambapo mtu mmoja amepaona rahisi pamekuwa rahisi kwa sababu mwingine amepachukua kichwani. Mambo yalianza kubadilika tu lilipoundwa Shirika la Maji la Makonde katika miaka ya 1950, maji yakapandishwa kwa mashine na kuuzwa. Ndipo bei iliyokuwa ikilipwa kwa shingo za wanawake ilipopata hesabu ya shilingi na senti, na watu wakashangaa kuona jinsi ilivyokuwa kubwa.

Msomaji aweza kupinga kwamba twaidai hadithi ya asili mambo isiyoyakusudia. Ni kweli kwamba hadithi za namna hii hazitungwi ili kujibu maswali ya kodi ya nyumba. Lakini hazitungwi bure pia. Watu waliosimulia habari hii walikaa pakavu, na watoto wao waliuliza kwa nini. Hadithi ndiyo iliyokuwa jibu lao. Nasi hatuna haki ya kuisifu kwa uzuri wa sanamu yake bila ya kuihoji kwa uzito wa mtungi wake.

Ili tuone vema zaidi, tuilinganishe na habari nyingine ya kuchagua makao, ya pwani ya Kilwa yenyewe. Katika tarehe ya Kiarabu ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, imesimuliwa jinsi Mshirazi alivyofika kisiwani akataka kukinunua. Mwenye kisiwa akakubali kukiuza kwa nguo za rangi zitakazotosha kukizungushia. Nguo zikatolewa, muuzaji akahamia bara. Naye moyoni alikusudia kurudi siku moja, maana maji yalipokupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Lakini mnunuzi akakifukua kivuko, bahari ikajaa, na kisiwa kikawa kisiwa kweli. Katika habari za Kilwa kwa Kiswahili, ambazo Velten alizipiga chapa Berlin mwaka 1907, kivuko hakifungwi kwa majembe bali kwa kisomo. Lakini kisa ni kile kile.

Habari hizi mbili ni kama pande mbili za kitambaa kimoja. Mchongaji wa Mahuta ameyakimbia maji ili watoto wake waishi. Mnunuzi wa Kilwa ameyaita maji ili mali yake isirudiwe. Mmoja amelipa kwa miguu, mwingine kwa nguo. Katika habari ya kwanza mlipaji wa kweli ni mwanamke asiyesema. Katika ya pili ni muuzaji aliyedhani ameuza ardhi, kumbe ameuza na njia ya kurudia. Si hadithi ya bara wala tarehe ya pwani inayotuambia kwamba makao mema ni yale yaliyo rahisi. Zote mbili zatufundisha kutazama uso wa mtu wa pili.

Fundisho hilo ndilo lililokosekana katika fatwa ya ng'ambo. Marfa ilipopata sifa kwa ajili ya Judd, na hasa baada ya taasisi yake ya sanaa kufunguliwa mwaka 1986, wageni walimiminika, nyumba zikapanda bei, na wenyeji wa mshahara mdogo wakaanza kutaabika katika mji wao wenyewe. Msanii alikwenda kwa sababu ya urahisi. Kwenda kwake kukauondoa urahisi. Na waliouona ugumu ni wale waliokuwa pale kabla yake. Nguo za rangi zimezungushwa tena, na kivuko kimefukuliwa.

Sasa tuwatazame wachongaji wenyewe, si wa hadithi bali wa historia. Katika mila ya Wamakonde mchongaji alikuwa na kazi yake kijijini. Alichonga mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa ngomani, na kinyago kilikuwa hakijakamilika mpaka kimechezwa mbele ya watu wanaojua maana yake. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, na methali hiyo ilikuwa kweli tupu kwa mchongaji wa mapiko. Nchi ilikuwa kavu, lakini sanaa haikuwa jangwani, kwa kuwa ilikuwa na wapokeaji.

Mambo yalipogeuka, wachongaji walihama. Wengi walitoka uwanda wa Mueda katika Msumbiji, wakavuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi yao wakafika Dar es Salaam. Huko, katika miaka ya 1950 na iliyofuata, wakachongea wanunuzi. Hawakuufuata mti, mpingo ulibaki nyuma yao, katika misitu ya Lindi na Kilwa na kwingineko, ukaletwa mjini kwa magari. Walimfuata mtu wa kuitazama kazi. Hata George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu katika nchi ya Masasi, alipata jina lake Dar es Salaam, katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972. Na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuuza picha zake za rangi ya baiskeli mjini humo mwaka 1968, miaka minne tu kabla ya kifo chake. Watu wa kusini walikuwa na nchi kavu, tena rahisi, na waliiacha.

Lugha imehifadhi ushahidi wa safari hiyo, na ajabu ni kwamba wataalamu wa lugha hawakuushughulikia vya kutosha. Aina za uchongaji mpya wa Wamakonde zajulikana kwa majina haya: binadamu, shetani, ujamaa, mawingu. Yote manne ni maneno ya Kiswahili. Aina iitwayo ujamaa, ya watu wengi waliopandana katika gogo moja, ina na jina la Kimakonde, dimoongo, ambalo husemwa kuwa maana yake ni nguvu; lakini jina lililoenea ni lile la siasa ya taifa. Kama wachongaji wale wangekaa Mahuta au Mueda wakichongea ndugu zao, wasingekuwa na haja ya kuyaita mashetani yao kwa lugha ya sokoni. Walikaa mahali pa mchanganyiko, penye Mzaramo na Mhindi na mgeni wa meli, na kazi yao ikavaa lugha ya mahali hapo. Makao hayampi msanii kivuli peke yake. Humpa na majina ya vitu anavyovifanya. Anayechagua mahali pa kukaa huchagua pia lugha ambayo kazi yake itaitwa.

Hali hiyo si ya mchongaji tu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, aliondoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Botswana tangu mwaka 1995, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari. Aliichukua lugha yake pamoja naye, na haikumfia mkononi. Lakini diwani yake ya Dhifa, ya mwaka 2008, ilipigwa chapa Nairobi, maana wasomaji wake walikuwa Afrika ya Mashariki. Mshairi aliweza kukaa kando ya jangwa, shairi halikuweza. Lilirudi lilikokuwa na watu wa kulisoma.

Tumrudie sasa mchongaji wetu anayeitazama Tingi. Kwanza na ajue kwamba ukavu anaoutamani una hila. Mpingo hukua polepole mno katika misitu ya miombo, kwa miongo mingi, mpaka kiini chake kiwe cheusi na kizito hata gogo lizame majini. Lakini mti huo ukikatwa na kuachwa penye jua na upepo, hupasuka. Wanaoujua huziba ncha za gogo kwa nta, wakaliweka chini ya paa, likauke taratibu. Ukavu unaoulea mti ndio huo huo unaoupasua. Mchongaji ahitaji nchi kavu kwa mti wake na kivuli kwa kazi yake, na kivuli hakinunuliwi pamoja na kiwanja.

Pili na ajue kwamba msitu ule una wenyewe. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya ya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, kwa msaada wa chama cha hifadhi ya mpingo kilichoko Kilwa Masoko. Na ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji kupata cheti cha namna hiyo. Tangu hapo gogo la mpingo likitoka katika msitu wa kijiji, kijiji hupata chake. Mgeni anayekuja kwa kutegemea mti rahisi atakuta kwamba urahisi huo ulikuwa wizi wa zamani uliosahauliwa. Heri akute hivyo.

Tatu na ajue kwamba bei ndogo ya kusini ilikuwa, kwa miaka mingi, bei ya kutengwa. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa na Lindi alivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yalipozidi alisubiri. Barabara sasa imefanya Tingi isiwe mbali. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilimwaga mvua juu ya Kilwa hata barabara hiyo ikakatika, na watu wakakwama pande zote mbili. Nchi iliyosifiwa kwa ukavu ilifungwa na maji, kama kivuko cha kisiwani kilivyofungwa katika tarehe. Anayechagua mahali kwa hali yake ya hewa amechagua miezi mitano tu ya mwaka. Miezi mingine itamchagua yeye.

Je, basi asiende? Siamini kwamba hadithi ya Mahuta yamkataza. Haikumkataza mchongaji kukaa pakavu. Imekataa tu kwamba aliweza kukaa hapo peke yake na bure. Hukumu ya hadithi, kama ninavyoisoma, ni kwamba mahali pakavu pamekuwa makao siku mtoto wa tatu alipolia, wala si siku sanamu iliposimama. Mchongaji akienda Tingi kwa kuwa kiwanja ni cha fedha kidogo, atakuwa yule mtu asiyeoga, na kazi yake itasimama gizani ikingoja usiku usiokuja. Akienda kwa kuwa kuna kijiji chenye msitu, na vijana wanaoweza kushika tezo na patasi, na barabara ya kumletea mtazamaji, na akiuliza tangu siku ya kwanza nani atamchotea maji na kwa ujira gani, basi amekwenda mahali penye watu, na neno jangwa halina kazi tena.

Lipo jambo moja linalotuhusu sisi wa taaluma hii zaidi ya linavyomhusu yeye. Kwa muda wa zaidi ya miaka sitini uchongaji wa kusini umeitwa kwa majina ya sokoni kwa sababu soko lilikuwa mbali na msitu. Kama baadhi ya wachongaji watarudi Kilwa na Lindi, wakakaa kati ya wenye mti na kuchonga mbele yao, huenda majina mengine yakazaliwa, ya Kimatumbi, ya Kimwera, ya Kimakonde, na ya Kiswahili cha Kivinje, kwa sehemu za mti na kwa aina za kazi ambazo leo hatuna maneno yake. Yafaa wakusanyaji wa msamiati wafike huko mapema na daftari zao. Na watakapofika wasiwaulize wanaume wenye tezo peke yao. Wamwulize na mwanamke anayepita na ndoo kichwani, maana mama wa hadithi hajasema bado.